Laravel, Django au Node: ipi ya kujengea mfumo wa duka la jumla Kariakoo?

Tuseme mama mmoja mwenye duka la jumla Mtaa wa Kongo amekuita umtengenezee mfumo. Anauza vyombo vya nyumbani. Ana stoo mbili, moja nyuma ya duka na nyingine Gerezani, na vijana watatu wa mauzo. Wateja wake wa mikoani huchukua mzigo kwa mali kauli, na malipo yanaingia kwa M-Pesa, Mixx, Airtel Money, benki na taslimu. Anataka kujua mambo matatu kila jioni: mzigo gani umebaki, nani anadaiwa, na leo kimeingia kiasi gani.

Kazi ya namna hii ndiyo iliyojaa Dar, kwa hiyo ndiyo nitakayoipimia Laravel, Django na Node, zana tatu za kujengea mifumo ya wavuti. Nyingine nitazigusa kwa kupita tu.

Kwanza kwa wale wanaoanza. Kila mfumo una kazi zilezile za kuchosha: mtu aingie kwa nywila, fomu zikaguliwe, data iandikwe kwenye hifadhidata, kurasa zifunguke kwa anwani zake, mtu asiyeruhusiwa azuiwe. Fremuweki ni msimbo uliokwisha kuandikwa wa kazi hizo, pamoja na utaratibu wa wapi uweke wa kwako. Tofauti yake na maktaba (msimbo wa wengine wa kazi moja moja) ni nani anamwita nani. Maktaba unaiita wewe ukiihitaji. Fremuweki ndiyo inayoendesha shughuli, nayo huita msimbo wako zamu yake ikifika. Ndiyo maana kubadilisha maktaba ni kazi ya siku chache, na kubadilisha fremuweki karibu ni sawa na kuandika mfumo upya. Unapochagua fremuweki unachagua kitu utakachoishi nacho miaka.

Ubishi wa kasi tuuweke kando. Duka lenye vijana watatu halitaichosha fremuweki yoyote kati ya hizi, na mfumo ukiwa mzito mara nyingi tatizo ni jedwali lisilo na faharasa (orodha ya kutafutia haraka), au ukurasa mmoja unaouliza hifadhidata maswali mia tatu badala ya mawili. Kosa hilo utalifanya kwa lugha yoyote. Mimi huuliza kitu kingine: mwaka wa tatu, wewe umeshapata kazi Dodoma, nani ataushika mfumo huu na atautoa wapi msaada?

Zilikotoka

Laravel ilitolewa na Taylor Otwell mwaka 2011, juu ya PHP, lugha iliyozaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya kurasa za wavuti. Django, iliyo juu ya lugha ya Python, ilianzia kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani, mwaka 2003, ikatolewa kwa umma 2005. Chimbuko hilo bado linaonekana: waandishi wa habari walitaka sehemu ya kuingizia data haraka kabla gazeti halijafungwa, na hadi leo sehemu ya msimamizi ya Django ndiyo sifa yake kubwa. Node haikuanza kama fremuweki kabisa. Ryan Dahl aliitoa mwaka 2009 ili JavaScript, lugha ya vivinjari, iweze kuendeshwa kwenye seva, na fremuweki kama Express zikajengwa juu yake baadaye. Kwa hiyo anayesema "natumia Node" hajasema bado anatumia fremuweki gani, na Express yenyewe inakuachia maamuzi mengi ambayo Laravel na Django zimeshakufanyia.

Wiki ya kwanza

Hapa Django inashinda bila jasho. Ukishaeleza umbo la data yako, unaandika mstari huu:

`admin.site.register(Mzigo)`

Ukifungua kivinjari unakuta skrini kamili ya kuongeza, kuhariri na kufuta mizigo, yenye kuingia kwa nywila na haki za kila mtumiaji. Ukiongeza mistari miwili mitatu, unapata na kisanduku cha kutafutia. Kwa mama wa Mtaa wa Kongo, unaweza kumwonyesha kitu kinachofanya kazi jioni ileile mliyokubaliana, na hilo ni muhimu, kwa sababu wateja wetu wengi hawajui wanachotaka mpaka waone kitu cha kukikosoa. Kiswahili pia kimo kwenye orodha ya lugha zake, ingawa usitegemee kila neno la skrini liwe limetafsiriwa vizuri.

Ila usimkabidhi mwenye duka skrini hiyo ndiyo awe anauzia. Imetengenezwa kwa msimamizi aliyetulia. Kijana aliyesimama kaunta mbele ya wateja sita wanaopiga kelele anahitaji kitu kingine. Skrini ya mauzo utaiandika mwenyewe.

Laravel haiji na sehemu ya msimamizi. Kuna Nova, ya kulipia, na kuna Filament, ya bure, ambayo kwa kweli inapendeza zaidi machoni kuliko ya Django. Kwenye Node utatafuta, utajaribu, utaacha, utatafuta tena.

Kitu kingine cha wiki ya kwanza ni bando. Paketi (vifurushi vya msimbo wa wengine) za mradi wa Node huweza kufika mamia ya megabaiti kabla hujaandika mstari wako hata mmoja, kwa sababu kila paketi inavuta nyingine nazo zinavuta nyingine. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa paketi yake ndogo ya mistari 11 iitwayo left-pad, na miradi dunia nzima ikashindwa kujengwa. Composer ya PHP na pip ya Python, zana za kushushia paketi, nazo huvuta paketi za watu wengine, ila kwa kawaida mzigo wake ni mwepesi.

Hela ikiingia

Hapa ndipo mifumo mingi ya maduka huharibikia, nami nitakaa kidogo.

Mteja akilipa kwa simu, kampuni ya malipo hutuma taarifa kwenye anwani ya mfumo wako: muamala fulani, kiasi fulani, kutoka namba fulani. Mfumo wako unatakiwa kujibu kwamba umepokea. Mtandao ukisita, au seva yako ikichelewa kujibu kwa kuwa inahangaika kutengeneza risiti, wao hawajui kama umepata, kwa hiyo wanaweza kutuma tena. Usipojiandaa, deni la mteja linapunguzwa mara mbili. Kesho yake unapigiwa simu: "Kijana wangu, hebu njoo uniambie, huyu wa Singida amelipa milioni mbili au nne?"

Dawa yake ni ileile kwa zote. Namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata yenyewe, si kwenye msimbo tu, ili taarifa ya pili igonge ukuta. Laravel ina `firstOrCreate`, Django ina `get_or_create`, yaani tafuta na ukikosa unda, na zote zinategemea ukuta huo uwepo. Kisha jibu upesi, na kazi nzito kama kutuma SMS na kutengeneza risiti uipeleke kwenye foleni ifanyike baadaye.

Kwenye foleni ndipo Laravel inaponoga. Foleni inakuja nayo bila kuongeza kitu, na inaweza kutumia hifadhidata hiyohiyo uliyo nayo. Watu wa Django kwa miaka mingi wametumia Celery, ambayo ni imara lakini inataka programu ya tatu ya kushikilia foleni, kama Redis au RabbitMQ, iwe inaendeshwa pembeni. Kwa duka moja, hicho ni kitu cha ziada cha kuharibika usiku.

Node kwa upande wake ina raha moja: inaweza kushika mawasiliano mengi kwa pamoja huku ikisubiri, bila kutumia kumbukumbu nyingi. Kama mama anataka vijana wa Gerezani waone mzigo ukipungua papo hapo kwenye skrini zao, Node itakupa hilo kwa shida ndogo zaidi. Lakini msimbo wako wote unapita kwenye uzi mmoja, kipande kimoja baada ya kingine. Ukiwa na hesabu nzito, mfano ripoti ya mwaka mzima inayokokotolewa kwa mkupuo, kila mtu dukani anaganda mpaka iishe. Na tangu toleo la 15 la mwaka 2020, ahadi (promise, yaani kazi inayosubiriwa jibu) iliyoshindwa bila kushughulikiwa huangusha programu nzima. PHP ina ustahimilivu wa kizamani ambao watu huudharau: kwa namna inavyoendeshwa kawaida, kila ombi linaanza upya na kufa likimaliza, kwa hiyo kosa la ukurasa mmoja haliwagusi walio kwenye kurasa nyingine.

Kuna na suala la majina. Usiweke kolamu inayoitwa `tigo_pesa`. Tigo Pesa iligeuka Mixx by Yas mwaka 2024, na walioandika jina kwenye msimbo sehemu arobaini walilazimika kulifuata sehemu arobaini. Tengeneza jedwali la njia za malipo, jina liwe data.

Shilingi moja inayopotea

VAT ya kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Bidhaa ya shilingi 2,525 kabla ya kodi ina VAT ya shilingi 454.5. Sasa zungusha namba hiyo iwe kamili.

PHP ukiiambia `round(454.5)` inakupa 455. Python 3 inakupa 454, kwa sababu nusu huizungusha kwenda namba shufwa iliyo karibu. JavaScript inakupa 455 kama PHP. Lakini mteja akirudisha mzigo, kiasi kinakuwa hasi: PHP inatoa -455, Python -454, na `Math.round` ya JavaScript inatoa -454. Yaani kwenye JavaScript umeuza kwa 455 ukarudisha kwa 454, na shilingi moja imebaki inaelea kwenye vitabu. Shilingi moja haimuumizi mtu. Inayoumiza ni saa tatu za mhasibu akitafuta kwa nini ripoti mbili hazifanani.

Hakuna lugha yenye kosa hapo, kila moja ina kanuni yake. Ila kama sehemu ya mbele ya mfumo inakokotoa kodi kwa JavaScript na seva inakokotoa kwa Python, umeshajiwekea mtego. Kokotoa sehemu moja tu, kwenye seva, na kiasi cha shilingi ukihifadhi kama namba kamili au desimali halisi. Django ina nafuu hapa kwa sababu aina yake ya desimali inakuja moja kwa moja kama `Decimal` ya Python. JavaScript ya kawaida haina aina ya namna hiyo, utaongeza maktaba.

Saa nayo ni mtego wa aina hiyohiyo. Mradi mpya wa Laravel na wa Django zote huja na saa za UTC, saa za marejeo za dunia, ambazo ziko nyuma ya Dar kwa saa tatu. Usipobadilisha kuwa `Africa/Dar_es_Salaam` kwenye ripoti, "leo" ya mfumo itaanza saa tisa usiku. Kwa muuza chipsi wa Sinza anayefunga saa nane usiku, kosa hilo linaweza hata kumpendeza, maana mauzo ya usiku yanabaki kwenye siku yake. Risiti za kodi hazina utani huo.

Pa kuiweka

Laravel inaweza kukaa kwenye hostingi ya bei ya chini yenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti kwa kivinjari), ile ambayo karibu kila kampuni inayouza vikoa Dar inayo. Si mahali pake pazuri: folda ya `public` ndiyo inayotakiwa kuonekana nje na si mradi mzima, na ukikosea hapo faili lenye nywila za hifadhidata linaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye kivinjari. Foleni nayo utaisukuma kwa kazi ya ratiba badala ya programu inayokaa macho muda wote. Lakini inawezekana, na kwa mteja anayehesabu kila shilingi ya mwaka, kuwezekana kuna thamani.

Django na Node zinataka seva yako mwenyewe ya Linux, hata ndogo. Baadhi ya hostingi za cPanel zina sehemu ya kuendeshea Python au Node, ila ukikwama huko, aliye upande wa pili wa simu mara nyingi anajua PHP tu. Ukichukua seva yako, basi na viraka vya usalama, na nakala za akiba, na cheti cha tovuti, vyote ni vyako. Umpe bei mteja ukijua hivyo.

Viraka na miaka

Laravel hutoa toleo kubwa kila mwaka. Kila toleo hurekebishiwa hitilafu miezi 18 na kupewa viraka vya usalama miaka miwili. Django ina matoleo ya muda mrefu yanayohudumiwa angalau miaka mitatu. 5.2, iliyotoka Aprili 2025, itahudumiwa hadi Aprili 2028. Node nayo matoleo yake ya muda mrefu huhudumiwa miezi 30, lakini hiyo ni Node yenyewe. Paketi ulizoziweka juu yake kila moja ina mwenyewe na ratiba yake, au haina ratiba kabisa.

Mwenye duka hatakulipa kila mwaka eti toleo limebadilika. Atakuuliza, "Si inafanya kazi? Sasa unabadilisha nini?" Kwa mkataba wa kujenga na kuondoka, mwaka mmoja wa ziada wa Django ni kitu cha maana kuliko sifa yoyote iliyo kwenye kurasa zake za matangazo.

Kwa upande mwingine, ukiondoka, kumpata kijana Dar anayeweza kufungua mradi wa PHP na kuurekebisha ni rahisi kuliko wa Python ya wavuti. Hiyo ni tathmini yangu tu ya vijana ninaokutana nao. Wengi wanajua Python ya uchambuzi wa data, na Django hawajawahi kuigusa.

Kwa duka hili la Mtaa wa Kongo ningechukua Laravel, hasa kwa ajili ya foleni na urahisi wa kupata mrithi, na ningeandika kwenye mkataba malipo ya kusasisha kila baada ya miaka miwili. Ingekuwa ni shirika linalokusanya data za kata, lenye fomu nyingi na ramani, ningeenda Django bila kufikiri mara mbili. GeoDjango, sehemu ya Django ya ramani, inashika mipaka na majira nukta moja kwa moja kwenye hifadhidata, na mji huu una data za kutosha za kuchezea tangu mradi wa Ramani Huria uanze mwaka 2015 kuchora maeneo ya mafuriko. Node ningeiweka kwa kitu cha papo hapo, kufuatilia bodaboda au mazungumzo, na mikononi mwa timu ambayo tayari inaishi ndani ya JavaScript.

Java na .NET

Watu wa maduka hawazihitaji, ila anayetafuta ajira asizipite. Spring Boot, fremuweki ya Java iliyotoka 2014 juu ya ile ya awali, Spring, iko kwenye mabenki na kampuni za simu duniani kote. Kuna na sababu ya karibu zaidi: DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumika Tanzania, umeandikwa kwa Java juu ya Spring, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia kazi kwa miaka. Ukijua Spring na React (maktaba ya JavaScript ya kujengea skrini), unaweza kusoma msimbo wake, ambao ni huria, na kujifunza mfumo mkubwa unavyojengwa hasa. .NET ya Microsoft tangu 2016 nayo ni huria na inaendeshwa kwenye Linux, kwa hiyo ile sababu ya zamani ya kuikimbia kwa ajili ya leseni za Windows imeisha.

Simu za vijana wa mauzo

Mama akitaka vijana wake watembeze oda Mbagala na Gongo la Mboto, swali linarudi upya. Anza na ukurasa wa wavuti unaoweza kuwekwa kwenye skrini ya simu kama programu. Ukitosha, umemaliza.

Usipotosha, ni kwa sababu mtandao unakatika katikati ya oda, na hapo Flutter, fremuweki ya programu za simu, ndiyo chaguo langu. Google ilitoa toleo lake la 1.0 Desemba 2018. Inachora vitufe vyake yenyewe, kwa hiyo skrini inaonekana vilevile kwenye Tecno ya zamani na Samsung mpya, na kuhifadhi oda kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ndani ya simu, mpaka mtandao urudi ni kazi iliyozoeleka. React Native, ya Facebook, ya mwaka 2015, hutumia vitufe vya simu yenyewe, na inafaa zaidi kama timu yako tayari ni ya React. Zote mbili zinataka laptopu yenye RAM ya kutosha. GB 8 ni kuanzia, na ukifungua kiigizo cha simu pamoja na kivinjari utaziona ni chache.

Tahadhari moja: zile mashine ndogo za Android zenye printa ya risiti ndani yake huja na maktaba za mtengenezaji zilizoandikwa kwa Java au Kotlin, lugha za programu za Android. Ukiwa na Flutter utalazimika kuandika daraja la kuzifikia. Kama kazi nzima ni mashine hiyo moja, andika kwa Kotlin tangu mwanzo. Google Play ni dola 25 mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka, na kwa vijana watatu wote wenye Android hakuna sababu ya kuzilipa.

Lolote utakalochagua, akaunti ya seva, ya Google Play na kikoa cha .co.tz vifunguliwe kwa jina, barua pepe na namba ya simu ya mwenye duka. Wewe jiongeze kama msimamizi wa pili.